Nibaki na nakshi za ami yangu, au nikachomelee matangi Dar es Salaam?

Mama Mshauri,

Assalaam aleikum. Mimi ni kijana wa miaka 24, mkaazi wa Ng'ambo, Unguja. Tangu nilipomaliza kidato cha nne nafanya kazi katika karakana ya ami yangu, ambaye ni mchongaji wa milango ya nakshi. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na ami ndiye aliyenilea, akanifundisha kushika patasi na bobari, kuchora maua kwa penseli juu ya mbao za mfenesi na mvule, na kuuchonga mnyororo unaozunguka miimo bila kuvunja pete hata moja. Milango mingi inayotoka pale sasa, mfaa (ule ubao wa katikati ya mlango) na kizingiti cha juu ni kazi ya mkono wangu. Wateja humshukuru yeye, na mimi sioni vibaya, kwa sababu alichonipa ni kikubwa kuliko sifa.

Tatizo ni kwamba kazi hii haitabiriki. Mteja, ambaye mara nyingi ni mwenye hoteli, hutoa arbuni, nayo huishia kwenye mbao. Kilichobaki hulipwa mlango ukishasimamishwa, na wapo wanaotuzungusha mpaka ami anaona haya kuwapigia simu. Wakati wa masika, watalii wanapopungua, karakana hupoa. Mwaka 2020 safari za ndege zilipokatika kwa ajili ya korona, tulitengeneza vitanda na makabati ili tule. Siku hizi kuna na mashine zinazoongozwa na kompyuta. Mteja mmoja alimwonyesha ami picha katika simu, paneli iliyochongwa kwa mashine kwa saa chache, akataja bei, kisha akanyamaza akisubiri ami apunguze ya kwake. Ami hakupunguza, na yule mteja hakurudi.

Kwa kuyaona hayo, mama alinisukuma nikasome uchomeleaji katika kituo cha mafunzo ya amali, nami nikamaliza na kupata cheti. Mwezi uliopita binamu yangu aliyeko Dar es Salaam alinipeleka kwenye kiwanda kinachotengeneza matangi ya kuhifadhia mafuta na miundo mingine ya chuma. Walinipa jaribio la kuchomelea sahani mbili za chuma kwa kusimama wima, wakaupinda ule mshono kwenye mashine yao, haukupasuka. Wamenipa mkataba wa mwaka mmoja kwa mshahara wa shilingi 650,000 kwa mwezi, na wanataka jibu kabla mwezi huu haujaisha.

Mama anafurahi na ameshaanza kuwaambia jamaa. Nina mchumba, posa imekubaliwa, na mahari bado sijakamilisha. Kwa upande mwingine, ami ana mtoto wa jicho, na mwanawe wa pekee ni dereva wa teksi asiyetaka hata kuingia karakana. Nikiondoka, sidhani kama mlango mwingine utachongwa pale. Kila nikimtazama akiusogeza ubao karibu na uso wake ili aone mstari wa penseli, najiona kama msaliti.

Nakshi ni sanaa na moyo wangu umo humo. Kuchomelea ni kazi ya mikono tu: unawasha, unaunganisha, unaondoka. Lakini sanaa hailishi mke. Naomba uniambie, niiache sanaa nipate maisha, au niishike sanaa nibaki maskini?

Mimi, Kijana wa Ng'ambo

*

Mwanangu,

Wa aleikum salaam, na ahsante kwa barua iliyoandikwa kwa utulivu na mtu ambaye, naona, hana utulivu mwingi kwa sasa. Nikikuelewa vizuri, umebeba mambo matatu kwa pamoja. Kuna riziki, yaani mahari, kodi na chakula cha mke ambaye bado hajaingia nyumbani. Kuna deni la shukrani kwa mzee aliyekulea. Na kuna swali la aina ya mtu unayetaka kuwa katika kazi yako, ambalo umelifunga ndani ya neno sanaa. Yote matatu ni halali, lakini ukiyatia katika mzani mmoja hutaweza kujua kipi kimelemea upande gani. Niruhusu niyatenganishe kidogo, kwa kuanza na sentensi yako moja ambayo siwezi kuipita kimyakimya.

Umesema kuchomelea ni kazi ya mikono tu. Nadhani hukuamini maneno hayo hata ulipokuwa ukiyaandika, kwa sababu wewe mwenyewe umeuona mshono wako ukipindwa kwenye mashine na watu wazima wakiutazama ili waone kama utapasuka. Ulilofanya pale ni jaribio la mwanzo. Mchomeleaji wa mabomba anayetaka kazi za juu huwekewa bomba lililofungwa kwa kulala nyuzi 45, wala haruhusiwi kuligeuza. Yeye ndiye anayelizunguka, akianzia chini ambako chuma kilichoyeyuka kinataka kudondoka, akipita ubavuni hadi juu, huku mkono ukibadilisha pembe ya elektrodi, yaani kijiti cha kuchomelea, kila hatua. Akimaliza, mshono hupigwa picha ya mionzi, na tundu la hewa lisiloonekana kwa macho laweza kumkosesha cheti. Elektrodi za aina inayotumika kwenye chuma kinachobeba shinikizo hutunzwa katika tanuri ili zisinyonye unyevu, maana unyevu huzaa haidrojeni, nayo hupenya katika chuma na kukipasua saa nyingi baada ya fundi kwenda nyumbani. Wewe uliyefundishwa kutochonga ubao mbichi, kwa kuwa utajipinda na kupasuka ukishasimamishwa, unalijua tatizo hilo kwa jina jingine. Jicho la ami yako limo katika mkono wako, na sidhani kama waliokupa jaribio walikuchukua kwa sababu ya cheti peke yake.

Upande wa pili nao unahitaji kuulizwa. Katika karakana ya ami yako, ni sehemu gani ya wiki ambayo ni sanaa kwa maana unayoikusudia? Kuna kuisaka mbao iliyokauka na kubishania bei yake, kupiga randa, kupiga msasa, kusubiri mteja, kumfuata mteja. Hata penseli inapogusa ubao, mnyororo wa miimo, samaki, mitende na maua ya duara ni michoro ya kurithi, na mwenye hoteli huja na picha yake mkononi akisema anataka kama huu. Silisemi hili ili kuidunisha nakshi, ambayo mimi naipenda pengine kuliko inavyostahili mtu asiyejua kushika patasi. Nalisema kwa sababu unapochagua kazi huchagui jina lake. Unachagua siku zake: saa unayoamka, mtu anayekuamrisha, kinachoingia kifuani mwako, na nani anayebeba hasara siku isiyokuwa na kazi. Ukumbuke mlango wa mwisho mliokamilisha, ujiulize ni wapi ulipoamua jambo kwa akili yako mwenyewe na ukasikia raha. Huenda ilikuwa ni ua. Huenda pia ilikuwa ni namna ulivyoyakutanisha maungio ya fremu mpaka mlango ukafungika kwa kidole, na raha ya namna hiyo inapatikana kwenye chuma pia. Jibu la swali hilo mimi sinalo.

Dhana nyingine inayotembea chini ya barua yako ni kwamba kiwanda ni uhakika na karakana ni bahati nasibu. Mshahara wa kila mwezi ni jambo kubwa, wala sitakudanganya kwamba ni sawa na arbuni inayoishia kwenye mbao. Hata hivyo, mkataba wako ni wa mwaka mmoja, na kazi za chuma nchini kwetu hufuata miradi. Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilihitaji mafundi wengi wa chuma lilipokuwa likijengwa, lakini kuliendesha ni kazi ya watu wachache zaidi, wenye ujuzi mwingine. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 za hizo ziko Tanzania. Maungio ya bomba kama hilo huchomelewa mara moja, kisha hufukiwa. Mchomeleaji anayeyaelewa haya huyapanga maisha yake kama mvuvi anavyozipanga pepo, akiweka akiba ya miezi ya kukaa. Tena, chini ya kanuni za kimataifa zinazotumika kwenye mabomba na vyombo vya shinikizo, mchomeleaji asipofanya aina fulani ya uchomeleaji kwa miezi 6, sifa yake kwa aina hiyo huisha nguvu na hupimwa upya. Kwa hiyo mawazo ya kwenda mwaka mmoja, kurudi kwenye nakshi, halafu kukichukua tena kiwanda ulipokiacha, yana mlango mwembamba kuliko yanavyoonekana kwa mbali.

Kuhusu mashine inayomtia ami yako unyonge, naomba tuitazame bila hofu na bila dharau. Inachonga paneli bapa upesi na kwa kulingana, na kwa mteja anayetaka milango kumi na miwili inayofanana ya vyumba vya hoteli, sioni kwa nini asiitumie. Mlango wa zamani uliooza kona moja ni habari nyingine. Hapo mtu anatakiwa kuutambua mti, kuufuata mkono wa mchongaji aliyekufa zamani, na kuunga kipande kipya mahali ambapo hakuna kilichonyooka. Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lake maarufu la kale, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, kila mwenye macho aliona jinsi majengo yale yanavyohitaji mafundi wanaojua kazi ya kale. Ila nisikujaze upepo. Kazi za ukarabati huja kwa zabuni, zabuni hutaka kampuni iliyosajiliwa na yenye mtaji wa kungojea malipo, na karakana ya mzee mwenye mtoto wa jicho huzifikia kwa kupitia mkandarasi, kama inazifikia. Lingekuwa jambo la busara kuuliza, kwa majina na kwa miguu, nani anayepata kazi hizo na anawachukua wapi wachongaji wake, kabla ya kuamua kwamba nakshi imekufa au kwamba itafufuka.

Afya hukuigusa kabisa, na vijana wengi hawaigusi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikwisha kuliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995, na moshi wa kuchomelea ukafuata mwaka 2017. Kwa hiyo hakuna upande ulio salama kwa asili yake. Tofauti ipo katika yanayofanyika mahali pa kazi. Je, karakana kwenu mnapiga msasa mlango ukiwa wazi na vitambaa vikiwa usoni, au mnavuta tu? Na kule kiwandani, unapoingia ndani ya tangi ambamo hewa haizunguki, je, hewa hupimwa kwanza, kuna feni ya kuvuta moshi, na kuna mwenzako anayesimama kwenye tundu la kuingilia asiondoke mpaka utoke? Kwenye mabati yaliyopakwa zinki, moshi wake humpandisha fundi homa usiku, na mwanga wa kuchomelea ukimwingia mtu asiyevaa kinga, macho hayaumi papo hapo bali saa kadhaa baadaye, akiwa kitandani. Wewe umemwona mzee anayeusogeza ubao karibu na uso. Macho ni mtaji wa kazi zote mbili.

Sasa niwarudie watu. Katika barua yako mama anazungumza, binamu anazungumza, hata mteja mwenye simu anazungumza. Ami yako hasemi neno. Umemweka pale akiwa mzee dhaifu anayekusubiri, na juu ya kimya chake umejenga neno zito la usaliti. Inawezekana ndivyo alivyo. Inawezekana pia kwamba mtu aliyekulea baada ya baba yako kufariki amekuwa akijiuliza usiku ni lini utapata kazi yenye mshahara, naye anaona haya kukwambia nenda, kama anavyoona haya kuwapigia simu wadeni wake. Kumwendea si kumwomba ruhusa tu. Kuna mambo ya kazi mnayopaswa kuyazungumza kwa hali yoyote: kama mtoto wa jicho huyo ameshamwonyesha daktari, kwa kuwa ni ugonjwa unaotibika kwa upasuaji wa muda mfupi na watu hurudi kuona, na wewe ni nani pale karakana, mfanyakazi, mshirika au mrithi, jambo ambalo kwa miaka yote hii inaelekea hamjalitamka. Ukifanikiwa kuuliza la pili, utakuwa umeuliza pia kama jina lako litaanza kutajwa kwa wateja na kama bei zitapangwa na nyinyi wawili.

Mchumba wako naye umemtaja kama gharama. Yeye ndiye atakayeishi ndani ya uamuzi huu, iwe ni kukaa Unguja na mume ambaye kipato chake hukatika masika, au kumngoja aliyeko Dar es Salaam, au kuhamia huko kwenye chumba cha kupanga ambacho kitaila sehemu ya zile 650,000 kabla hazijafika sokoni. Ukiziandika gharama za Dar es Salaam katika karatasi, pamoja na nauli ya boti na kile utakachomtumia mama, utaona kama mshahara ule unakuzidishia kweli, na kwa kiasi gani. Labda mahari yatamalizika upesi. Labda yatachukua muda uleule.

Njia zilizo mbele yako, kwa ninavyoziona, zina uzito tofauti na hatari tofauti. Ukienda, unapata kipato cha kupangia, unajifunza uchomeleaji wa daraja ambalo chuo hakikukufikisha, na hatari yake ni kwamba muda wa ami wa kufundisha unaendelea kupungua, wala hakuna kiwanda kitakachokulipa hasara hiyo. Ukibaki, hatari ni kubaki kama ulivyo, yaani bila makubaliano, bila akiba, ukiisubiri heshima ya wateja. Kubaki kwa namna hiyo kungeniogopesha mimi kuliko kuondoka. Kubaki kwa namna nyingine, ukiwa mshirika mwenye sauti, ukiandika mikataba inayotaka malipo kwa awamu na si arbuni tu, na ukijiunga na mpango wa hiari wa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, kwa waliojiajiri, kungekuwa kazi tofauti ingawa patasi ni zilezile. Wapo pia wanaochanganya mbao na chuma: mageti, vizuizi vya madirisha, fremu za chuma zenye paneli za nakshi. Wazo hili huwavutia sana washauri, kwa sababu linaonekana kutatua kila kitu, nami nalitaja kwa tahadhari. Linahitaji mashine, umeme na wateja wapya, na mtu mmoja akigawanya mikono yake mapema huenda asifike mbali popote. Kuchonga siku za Jumapili baada ya wiki nzima kwenye tangi la moto ni jambo ambalo utalijua ukishalijaribu, si kabla.

Kwa vile tarehe ya jibu ni ya kwao na si yako, itumie kuuliza. Waombe mkataba wenyewe uusome nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Uliza zile 650,000 ni kwa saa ngapi. Uliza kama watakuandikisha NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Bara, tangu mwezi wa kwanza, na kama wanachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake na hupaswi kukatwa chochote kwa ajili yake. Uliza nani anayenunua kofia ya kuchomelea, glovu na viatu. Uliza kama watakugharimia vipimo vya daraja la juu, na cheti kikitoka kitabaki mkononi kwa nani. Uliza, mwisho, mradi uliopo sasa unaisha lini na waliokuwepo katika mradi uliopita wako wapi, na ukiweza, mtafute mmoja wao umsikilize bila bosi kuwepo.

Ukishapata majibu hayo, na ukishakaa na ami yako asubuhi moja kabla wateja hawajafika, niandikie tena, hata kama barua itatoka ng'ambo ya bahari. Nitapenda hasa kujua mzee alisema nini.

Mshauri wako